Mita Moja na Ishirini

Wanafunzi wa usanifu majengo wana dhambi moja ambayo hawaiungami kwa yeyote. Ukipima nyumba kwa nje unapata namba yako. Kisha unapima vyumba kwa ndani, kimoja kimoja, unajumlisha na unene wa kuta, na zile namba mbili zinatakiwa zikutane. Zisipokutana, rudi ukapime upya. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini vitabu havipigwi na jua wala haviumwi na njaa. Wanafunzi huligawa kosa. Sentimita moja unaitupia chumba hiki, moja chumba kile, hesabu inafunga, mchoro unapendeza, na hakuna aliyekufa.

Rula naye aligawa. Ubaya ni kwamba kosa lake lilikuwa la mita moja na sentimita ishirini.

Jina la Rula alipewa na baba yake, fundi mwashi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa hawezi kula mpaka sahani zote zikae sawa mezani. Huyo baba alifariki mwanzoni mwa muhula wa mwisho. Aliamka mzima, akavaa kiatu kimoja, akainamia cha pili, asiinuke tena. Rula alizika, akapokea pole za watu, akaosha masufuria ya waliokuja kuzika, akarudi chuoni. Hakulia. Wala hakujikaza kisabuni kama watu walivyodhani. Kilio hakikuja tu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa: unaugusa, unajua ni wako, nao hausemi kitu. Shangazi yake mmoja alinong'ona kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia kwamba mtoto huyu kasomeshwa mpaka moyo umekauka. Rula alisikia na akaendelea kusugua sufuria.

Zilikuwa zimebaki wiki saba tu za kazi ya mwisho, ile inayoamua kama mtu anahitimu au anarudia mwaka. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua kiwanja cha kweli, aoneshe ardhi yake imebeba nini, kisha abuni jengo la kuongeza juu yake. Wenzake walikuwa wameshachagua vilima na machimbo ya mawe. Rula alichagua nyumbani kwao, kwa sababu ndiko alikokuwa akilala siku zile. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa ukumbini, kwenye njia, kila anayepita inambidi ajikunyate. Basi Rula alibuni chumba cha kushonea nyuma ya nyumba, nusu kimezama ardhini ili kiwe na ubaridi, kikiingiliwa kupitia ukuta wa nyuma. Lilikuwa wazo zuri. Alilichora vizuri pia, mkono ukifanya kazi na yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Mwalimu wake wa studio alikuwa mtu mfupi mwenye tabia ya kutotazama michoro. Alitazama madaftari. Mchoro, alikuwa akisema, ni kama mgeni aliyevaa vizuri. Daftari la vipimo ndilo linalokuambia kwao kukoje. Alilishika la Rula, lenye alama za vumbi na jasho, akajumlisha kwa kidole hewani.

"Nje kumi na moja na arobaini," alisema. "Ndani, pamoja na kuta, kumi na ishirini. Kwenye mchoro kila chumba cha nyuma kimenenepa kwa sentimita arobaini. Vilikula nini?"

"Niligawa kosa, Mwalimu."

"Kosa la sentimita mbili unaligawa. Mita moja na ishirini si kosa, binti. Ni chumba." Akamrudishia daftari. "Una siku kumi. Nenda ukakitafute."

Yeyote mwingine angeshtuka. Rula alitia daftari mkobani, akapanda gari, akarudi nyumbani, akapima tena. Kumi na moja na arobaini nje. Kumi na ishirini ndani. Pengo lilikuwa kati ya chumba cha mama yake na stoo, na pale palikuwa na ukuta tu, uliopigwa plasta safi pande zote mbili, bila mlango wala dirisha. Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo miaka ishirini na mbili akipita pembeni mwake kwenda kuchukua ndoo.

Alimwita baba mdogo, mdogo wake marehemu, naye fundi. Wakati nyumba inajengwa huyu alikuwa kwenye vibarua mji wa mbali, na tangu arudi hakuacha kumtania kaka yake kwamba kajenga nyumba ya kujionesha: kwa nje kubwa, ndani unageuka kwa zamu. Marehemu alikuwa akicheka tu na kusema kwamba kila fundi hana budi kuwa na nyumba moja ya kujifunzia. Sasa baba mdogo aligonga ukuta wa stoo kwa fundo za vidole, akatega sikio, akagonga tena juu zaidi.

"Tupu," alisema. "Kuna nafasi humu. Huyu kaka yangu huyu. Au alificha dhahabu, tukala maharage bure miaka yote?" Alikwishafungua mfuko wake na kutoa tindo na nyundo. "Tofali mbili tu, mwanangu. Tuchungulie, nizirudishe, hata chawa asijue."

Rula alisema sawa. Wakati ule angesema sawa kwa jambo lolote. Tindo iligonga mara tatu, plasta ikadondoka kipande cha ukubwa wa kiganja.

Cherehani ya ukumbini ilinyamaza. Mama yake akatokea mlangoni mwa stoo, futi ya kushonea shingoni, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa nguo. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata hapo hakuipandisha.

"Shemeji, weka nyundo chini."

"Ni kazi ya mtoto ya chuo, shemeji, tunataka tu..."

"Nimekuomba uweke chini. Kisha uende nyumbani kwako. Chai utakunywa kesho."

Baba mdogo alikuwa mcheshi lakini si mjinga. Alimtazama yule mjane usoni, akaiweka nyundo mfukoni taratibu, akaenda zake. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ilikuwa imesimama pale mlangoni ikitazama kile kipande cha plasta sakafuni.

Mama aligeuza ndoo juu chini, akakaa. Rula akabaki amesimama na futi yake ya chuma mkononi.

"Ulitanguliwa," mama alisema. "Wa kwanza. Alikaa siku tisa."

Kisha akaeleza, bila kukata maneno, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Walikuwa wapya eneo hilo, wakiishi kwenye kibanda cha mabati pale kiwanjani huku msingi ukichimbwa. Mvua zilinyesha mpaka barabara ikakatika, daraja likaenda na maji, na kwa siku nne hakuna aliyeingia wala kutoka. Mtoto alikufa siku ya pili ya hizo nne. Mitaro ya msingi ilikuwa imejaa maji, na kiwanja kizima kilikuwa na sehemu moja tu iliyoinuka na kukauka, hatua chache kwa hatua chache. Baba alichimba hapo. Barabara ilipofunguka watu walisema ahamishwe. Mama alikataa mtoto aguswe.

"Basi baba yako akajenga. Msingi ulikuwa umeshapita huku na huku, hakuweza kuusogeza. Alipofika hapo akaacha ardhi kama ilivyo, hakumwaga zege, akaizungushia kuta, akaezeka. Nikamwuliza, kwa nini usipaache nje tu, tupande maua? Akaniambia hataki anyeshewe."

Rula alitikisa kichwa kuonesha kwamba amesikia. Alingoja kitu kimjie. Alijua kabisa kwamba hapa ndipo mtu analia. Aliona nafasi yake imeachwa tupu imsubiri aijaze. Hakuna kilichokuja. Alichoweza kufikiria ni kwamba kitanda cha mama yake kilikuwa upande wa pili wa ukuta ule, na kwamba kichwa cha kitanda kilielekezwa huko.

"Baba mdogo hajui?"

"Waliojua wakati ule walishahama, tukabaki wawili. Sasa mmoja hayupo, nimebaki na wewe."

"Mwalimu anataka nikioneshe kwenye ramani, mama. Wataniuliza ni nini."

Mama aliokota kile kipande cha plasta. "Chora unavyotaka. Usiwaambie. Hao ni watu wa kupima, mwanangu. Ukiwaambia watauliza urefu, watauliza kina, watauliza kaelekea wapi. Sitaki mtu akae na kalamu anamwulizia."

Rula aliahidi. Kisha akachanganya saruji na mchanga kwenye kifuniko cha ndoo, akaziba lile tundu la plasta, akalilainisha kwa mwiko wa baba yake. Alilifanya vizuri. Mkono wake ulijua.

Zile siku zilizobaki alichora. Angeweza kurudi kwenye dhambi yake, agawe tena kwa ustadi zaidi na abadilishe namba za kwenye daftari, na huenda mwalimu asingemshika. Wazo hilo lilimjia, akalitazama, akaona kwamba kufanya hivyo ni kumfuta mtu ambaye baba yake alimjengea kuta nne. Kwa hiyo alikichora kama kilivyo: mita moja kwa mita tatu ukitoa unene wa ukuta wa pili, paa juu, ardhi chini, hakuna sakafu. Akaufuta mlango wa chumba cha kushonea uliokuwa upite pale, akauzungusha kupitia stoo, njia ndefu isiyo na maana kwa mtu asiyejua. Vyumba vyote kwenye ramani vina jina: Jiko, Stoo, Chumba cha Mama. Kile alikiacha bila neno.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwalimu wa studio alikaa pembeni. Katikati alikaa msanifu mgeni, mama mmoja aliyejenga majengo ambayo watu huyapiga picha, miwani imepandishwa juu ya paji la uso. Alimsikiliza Rula mpaka mwisho, akainuka, akaenda kwenye mchoro wa mkato, ule unaoikata nyumba kuonesha ndani yake, akaishusha miwani.

"Kazi yako ya chini ya ardhi ni nzuri kuliko nilizoona leo," alisema. "Ndiyo maana sielewi. Hapa kuna mita tatu za mraba hazina mlango, hazina sakafu, hazina jina. Na jengo lako lote linakizunguka hiki kitu kama linaogopa kukikanyaga. Ni nini?"

"Ni sehemu ya nyumba iliyopo."

"Nimeona. Inatumika kwa nini?"

"Baba yangu ndiye aliyeijenga. Niliona niiache alivyoiacha."

"Hiyo si sababu ya kisanifu, binti. Vunja huu ukuta, upate njia fupi na mwanga. Au niambie kwa nini hauvunjwi, na kama sababu yako ina uzito nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Kuna nini ndani?"

Mwalimu wa studio aliinua kichwa. Alikuwa anamtaka aseme. Hilo Rula aliliona waziwazi. Sentensi moja tu ilikuwa inatosha. Watu watatu wangenyamaza, kalamu zingewekwa chini, na kesho yake angekuwa msanifu. Sentensi yenyewe aliijua, ilikuwa na maneno manne au matano.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Huwezi au hujui?"

"Siwezi."

Wale wengine wakatazamana. Mgeni akapandisha miwani yake na kurudi kukaa. Matokeo yalibandikwa mchana: arudie mwaka. Mwalimu alimkuta koridoni akiviringisha karatasi zake. "Nilikutuma ukakitafute chumba," alimwambia, "na umekipata, naona. Halafu ukakifunga." Hakuwa na hasira. Rula alisema ndiyo, Mwalimu, akazitia karatasi kwenye bomba lake la michoro.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mama yake alikuwa ukumbini akishona sare za shule, vipande vya vitambaa vimetapakaa miguuni, na hakusimamisha cherehani.

"Imekuwaje?"

"Narudia mwaka."

Gurudumu la cherehani likaenda mizunguko michache yenyewe, likatulia.

"Uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Walikuuliza?"

"Waliuliza sana."

Mama alikata uzi kwa meno, akaikunja ile sare, akaifunua, akaikunja tena. Mikono ilikuwa inatafuta kazi.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka mzima."

"Basi mwakani waambie." Alisema hivyo akitazama sare. "Waambie alikuwa wa kiume. Alizaliwa na nywele nyingi, mpaka mkunga akacheka. Na waambie baba yako ndiye aliyemwosha kichwa. Kila siku, zile siku zote, na ile mikono yake yenye saruji. Alikuwa anaisugua kwanza kwa mafuta isije ikamkwaruza. Hakuniachia hata siku moja."

Rula aliiona ile mikono. Aliiona yote, na nyufa zake, na kucha ya kidole gumba iliyopondwa na tofali. Bomba la michoro likamponyoka, akaketi sakafuni katikati ya vitambaa, akamlilia baba yake.