Mshono wa Mwanangu

Kila Jumapili fundi cherehani hupigiwa simu na kaka yake, anasema, "Dada, tuko pamoja," kisha anakata. Pamoja wapi? Anayemwogesha mama, anayemlisha, anayemfungia mlango akienda sokoni ili asipotee, ni fundi peke yake, hoi bin taabani.

Mama ndiye aliyemfundisha kushona. Siku hizi anamwita "wewe mwanamke." Ili atulie, fundi humpa nguo kuukuu azifumue. Leo, kwa haraka zake, akampa gauni la mteja. Alipogeuka, mkono mmoja ulikuwa umeshafumuliwa wote.

"Mama! Umenimaliza!"

Mama hata hakushtuka. Alikuwa akipapasa pindo la gauni, uso umechangamka kama zamani.

"Hii kashona mwanangu," alisema. "Hafungi uzi mwishoni, anarudisha mshono nyuma. Nimemgombeza weee, hasikii!"

Fundi akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Ndiyo, mama. Ni mimi. Mwanao ni mimi."

Mama akaichomoa mikono yake.

"Muongo wewe. Mwanangu hawezi kunifungia mlango."