Ruta ya Zamani Siku ya Posa ya Koku

Najua mtacheka, chekeni tu, maana mimi nikikumbuka siku ile uso unawaka na natamani kujizaba kofi. Nina hasira mpaka leo, na ubaya wake hakuna mtu wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Mdogo wangu Koku alikuwa anaposwa, wageni wanatoka Nshamba kuja kwetu Ijuganyondo, na baba alishasema hatatoa jibu lolote bila kaka yake, baba mkubwa, aliyekuwa Mwanza kwenye matibabu na aliyetaka kumwona kijana kwa macho yake. Koku akaniambia, "Kaka, tumia simu tu, inatosha." Simu! Mimi mwenye steshenari mjini, nimwonyeshe baba mkubwa kwenye kioo cha kiganja mbele ya wakwe? Nikabeba kompyuta ya mezani kutoka dukani, yenye kioo kipana, na kwa kuwa haishiki WiFi, inataka waya, nikachukua ruta ya zamani iliyokuwa inakula vumbi ili ivute WiFi ya nyumbani na kuipeleka kwa waya kwenye kompyuta. Jamaa mmoja kwenye video alieleza hatua zote, akasisitiza kwamba ruta ya zamani lazima izimwe ile kazi yake ya kugawa anwani kwa vifaa, la sivyo itagombana na ruta kubwa ya nyumbani vifaa vikizidi. Hatua hiyo nikairuka (nani ana muda?), nikajaribu, ikakubali, nikajipongeza kwa sauti.

Wageni wakafika, wakapewa kahawa ya kutafuna, ya kuwakaribisha, wazee wetu wakawatoza faini ya kuchelewa kama ilivyo kawaida ya posa, watu wakacheka. Baba mkubwa akatokea kwenye kioo, amekonda, chumba kizima kikamsalimia. Wakati huo vijana wa pande zote mbili wameshaomba pasiwedi ya WiFi na simu zao zinaingia moja baada ya nyingine. Mshenga akapiga magoti, akaanza kueleza kilichowaleta, na hapo hapo picha ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikarudi, ikaganda tena. Baba ananitazama, wazee wanakohoa, jasho linanitoka, na mimi badala ya kunyamaza nifikiri nikageuka, nikaona mama mmoja pembeni amechomeka chaja ya simu kwenye ekstensheni yangu.

"Wewe mama, nani amekuruhusu kugusa waya zangu? Mnatoka huko kwenye migomba mnakuja kuharibu vitu vya watu!"

(Kwenye migomba! Na kwetu migomba imefika dirishani.)

Alikuwa mama mzazi wa kijana. Akachomoa chaja yake taratibu, akaiviringa, akasema, "Samahani, mwanangu," kisha akasimama, na wageni wote wakasimama naye. Chumbani, alikokuwa akisubiri kuitwa, Koku akaanza kulia, na kila mtu alimsikia.

Aliyewazuia wasitoke ni kijana mwenyewe, Rwegasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akachungulia nyuma ya kompyuta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii ya zamani uliizima isigawe anwani?" Nikasogea pembeni. Akaichomoa, akaunganisha simu yake upya kwenye WiFi, akapiga, na baba mkubwa akatokea safi kabisa, akauliza, "Wageni wamekaa vizuri?"

Baba akasimama, akavua kofia, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya nje ya kanisa, akainama mbele ya yule mama, akamwita kwa neno letu la heshima.

"Waitu, mama, tusamehe. Huyu nimemlea mimi."

Yule mama akamtazama. "Tutakaa, mzee," akasema. "Tutakaa kwa ajili yako."

Wakakaa. Posa ikapokelewa, na wazee wa Nshamba wakautoza faini upande wetu, upande wa binti, jambo ambalo sijawahi kulisikia popote, na baba akakubali kabla hawajamaliza kusema.

Siku hizi mtandao ukikata nafunga mdomo kwanza, nakagua mitambo yangu mwenyewe, na simwulizi mtu kitu mpaka nimemaliza. Nimechelewa kujifunza, najua. Harusi ni mwezi ujao. Msemaji wa familia, kazi ambayo ni ya kaka mkubwa, yaani mimi, amepewa binamu yetu wa Buganguzi, na aliyempendekeza ni Koku.