Silinda Nne Zikilala, Eustace Hapati Usingizi

Jua limeshachomoza na pikapu kubwa nyeupe inatoka Tabora kuelekea Nzega, ndoo chache za asali zikiwa nyuma chini ya turubai. Barabara ni lami tupu. Mara mngurumo wa injini unashuka, unakuwa mzito, kama mtu aliyeanza kukoroma.

Dereva wa bodaboda anaisikia sauti hiyo. Anasogea upande wa kulia, anamwona mama wa makamo aliyejitanda ushungi, anampigia kelele.

"Mama, gari inamisi, injini inakatakata! Simama uangalie plagi!"

"Haimisi," anajibu mama huyo bila kugeuza shingo. "Zimelala."

"Nani wamelala?"

"Silinda."

Bodaboda anamtazama usoni, kisha anatazama mikono yake. Yote miwili imetulia juu ya mkoba. Usukani hauonekani. Kijana anavuta mafuta na kutokomea mbele bila kuaga.

Upande wa kushoto wa gari, ambako usukani upo kwa kuwa gari hili lilitengenezwa Marekani, Eustace Masele anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Kila siku ni hivyo," anamwambia mwandishi aliyeketi kiti cha nyuma. "Mimi ndiye dereva, lakini anayesalimiwa, anayetukanwa na anayesimamishwa na trafiki ni Bi Zamda. Askari mmoja alimwomba leseni, yeye akamwambia, 'Ninayo ya biashara.' Akaitoa kabisa!"

Eustace ana umri wa miaka 52. Alizaliwa Tura, kijiji cha stesheni mashariki mwa Tabora, na alianza kazi akiwa utingo kwenye malori ya tumbaku. Amekaa nyuma ya usukani zaidi ya nusu ya umri wake. Anaishi na mkewe, Mektilda, na anaimba besi katika kwaya ya kigango. Mektilda anasema mumewe hulisikiliza gari kuliko anavyomsikiliza padri.

Mwajiri wake ni huyo mama wa upande wa kulia, Bi Zamda, mfanyabiashara wa asali wa mtaa wa Isevya, mjini Tabora. Alilinunua gari hilo kwenye mnada, baada ya wageni wa mradi fulani wa utafiti kufunga mizigo na kurudi kwao. Injini ina silinda nane. Bi Zamda alilipenda kwa sababu ya ubavu wake. Siku alipolijaza mafuta kwa mara ya kwanza, mapenzi yalipungua.

"Nilidhani tangi limetoboka," anasema Bi Zamda. "Nikainama kuangalia chini. Yule wa kituo cha mafuta akaniambia, 'Mama, halijatoboka, ndivyo linavyokunywa.'"

Shida ya Eustace ilikuwa nyingine. Kila alipotulia kwenye lami, injini ilibadilisha sauti, na mji mzima ukampa taarifa. Wauza matunda walimwambia gari inamisi. Katekista alimwambia gari inamisi. Mtu mmoja alivuka barabara makusudi kuja kumwambia.

"Kwa dereva, hilo ni tusi," anasema. "Ni kama kila unayekutana naye akuambie shati lako limechanika mgongoni."

Alilipeleka gari kwa Majidi, fundi wa Isevya anayewatengenezea magari wafanyabiashara wengi wa mtaa huo. Majidi alibadilisha plagi. Sauti ikabaki. Akabadilisha tena. Akasafisha kila kilichosafishika na kulaumu petroli. Mwishoni alipiga simu kwa fundi mwenzake wa Dar es Salaam, naye akacheka kwanza ndipo akamweleza.

Gari halikuwa bovu. Likienda kwa mwendo wa kutulia, bila kazi nzito, kompyuta yake huzifunga valvu za silinda nne ili kupunguza mafuta. Silinda hizo huacha kufanya kazi, na nne zilizobaki huvuta gari. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, zote huamka. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya kijani inayoonyesha silinda zimelala.

Majidi alidhani ameleta habari njema na mambo yameisha. Hakujua kwamba Bi Zamda yuko mlangoni anasikiliza.

"Silinda nusu," alisema Bi Zamda taratibu, "basi na mafuta nusu."

"Si hivyo, Bi Zamda," Majidi alijaribu kumweleza. "Inapungua kidogo tu, tena barabara ikiwa nzuri na gari likiwa jepesi."

"Nne ni nusu ya nane, Majidi. Hesabu hiyo nilifundishwa na walimu waliokufundisha wewe."

Tangu siku hiyo Bi Zamda aliacha kutazama barabara, akawa anatazama taa ya kijani. Ikiwaka, alitabasamu. Ikizimika, alimgeukia Eustace kama mtu aliyemwamsha mtoto mchanga. Alipiga marufuku redio, akazima kiyoyozi, na abiria aliyezungumza kwa sauti kubwa alinyamazishwa.

"Nilimwambia silinda hazina masikio," anasema Eustace.

"Na mimi nikamwambia, wewe umezijua lini?" anadakia Bi Zamda.

Eustace alitaka mfumo ule uzimwe kabisa. Majidi alikuwa na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi, na kikishachomekwa, silinda zote nane hufanya kazi muda wote. Fundi wa Dar alikuwa amemwonya pia kwamba injini za aina hii huharibika tapeti za silinda zinazolala, hasa oili ikichakaa. Tapeti ni kile chuma kidogo kinachoisukuma valvu ifunguke. Eustace aliliogopa neno hilo kuliko kona yoyote ya barabarani.

Bi Zamda alikataa. Wakabishana mpaka Majidi akapendekeza wapime. Waende Igunga taa ikiwa inawaka, warudi kifaa kikiwa kimechomekwa, kisha walinganishe mafuta.

Safari ilipatikana mapema. Mnunuzi aitwaye Kornel alikuwa anapita Igunga na lori lake kuelekea Dar es Salaam, na alihitaji asali nyingi. Waliahidiana wakutane kabla ya adhuhuri.

Waliondoka Tabora alfajiri, gari limejaa asali na tangi limejaa mafuta. Kwa mzigo ule, taa ilikuwa inakataa kuwaka isipokuwa gari liende kwa mwendo wa kusindikiza maiti, na Bi Zamda alitaka iwake.

"Punguza," alisema. Eustace akapunguza. "Tena." Akapunguza tena.

Mabasi yaliwapita yakipiga honi. Malori ya pamba yaliwapita. Kwenye kilima kimoja, mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa alikwenda nao sambamba, akawasalimia, akauliza habari za mavuno, akamweleza Bi Zamda juu ya ndoa ya binti yake hadi mwisho wa habari. Walipofika kileleni, alipanda baiskeli yake na kuwaacha.

"Niliona aibu hadi kisogoni," anakumbuka Eustace. "Kama kuna mtu wa Tura alikuwa kwenye yale mabasi, nilimwomba Mungu mtu huyo awe amesinzia."

Walipofika Igunga, jua lilikuwa limeinama. Kornel alikuwa amesubiri, amekula wali, amesubiri tena, kisha ameondoka. Simu yake haikupatikana.

Bi Zamda alishuka, akakizunguka kituo cha mabasi chote kama vile lori lingeweza kujificha nyuma ya kibanda. Aliporudi alijipa moyo.

"Lakini mafuta yamebaki."

"Yamebaki," alisema Eustace. "Na asali imebaki."

Walijaza tangi. Wakachomeka kifaa, wakarudi Tabora na mzigo uleule kwa mwendo wa kawaida. Walipojaza tena, Bi Zamda alimwamuru mhudumu alitikise gari ili petroli ishuke vizuri. Mhudumu alilisukuma kwa bega, gari halikutikisika, akasema, "Imeshuka."

Tofauti ilikuwa lita mbili. Mafuta ya kwenda ndiyo yaliyokuwa pungufu.

Bi Zamda alishangilia kwa kuwa zimeokolewa lita mbili. Eustace alishangilia kwa kuwa ni mbili tu. Majidi akawaharibia wote furaha kwa kusema huenda hata hizo mbili zimetokana na kwenda polepole, na silinda hazikuhusika sana. Kila mmoja aliondoka gereji akiamini ameshinda.

Kifaa kilirudishwa kwa Majidi. Na hapo ndipo Bi Zamda, akiwa bado na uchungu wa asali ya Igunga, alipofanya hesabu nyingine. Oili ilikuwa imefikia muda wa kubadilishwa.

"Nilijiuliza, kama silinda nne zinalala, oili itachakaaje upesi?" anasema sasa, akitazama nje dirishani. "Nikamwambia tuisogeze mbele."

"Nilimkatalia," anasema Eustace. "Nikakataliwa kukataa."

Wiki kadhaa baadaye walikwenda Tura kuchukua asali kwa wafugaji nyuki. Njia ya kuingia kijijini ilikuwa na mchanga, na wakiwa wanatoka na mzigo, Eustace alisikia mlio mpya. Tak, tak, tak. Alizima injini pale pale.

"Mbona umesimama?" aliuliza Bi Zamda. "Si zimelala tu?"

"Hizi hazijalala, Bi Zamda. Hizi zinaumwa."

Gari likifa, kazi imekufa. Na alijua dereva ndiye anayelaumiwa kwanza, hata kama onyo alilitoa yeye. Alisimama mbele ya boneti lililo wazi akisubiri maneno.

Bi Zamda alishuka na kuja kusimama karibu yake.

"Oili niliikataa mimi," alisema. "Mtu akikuuliza, mwambie ni mimi."

Eustace anasema katika miaka yake yote ya udereva hakuwahi kumsikia tajiri akitamka maneno kama hayo. "Nilitaka kumshukuru, nikashindwa. Nikamwambia apande ndani, jua ni kali."

Msaada ulikuwa kwa mzee Benjamini, mkulima anayefahamiana na Eustace tangu utotoni mwake, mwenye ng'ombe wanne wa kulima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Masele. Hilo lidude lako lina nguvu za ng'ombe wangapi?"

"Wengi, mzee."

"Mbona limekuja kuomba wanne?"

Ng'ombe wakafungwa minyororo, wakaivuta pikapu ya silinda nane hadi stesheni, watoto na kuku wakifuata. Njia ilipokuwa tambarare, Bi Zamda alitoa kichwa dirishani.

"Mzee wangu, hapa ni rahisi. Kwa nini usiwapumzishe wawili?"

Mzee Benjamini hakugeuka. "Mama, nikiwapumzisha wawili, na hawa wengine watauliza kuna nini."

Eustace aliinama kwenye usukani akajifanya anakagua breki.

Kutoka stesheni gari lilifikishwa Tabora juu ya lori. Majidi alipolifungua, alikuta tapeti ya silinda mojawapo ya zile zinazolala imekwama, na nyingine ziko njiani. Vipuri viliagizwa Dar es Salaam, na vilipokuja vilikuwa si vyenyewe, vikarudishwa. Muda wote huo Bi Zamda aliendelea kumlipa Eustace mshahara wake, na akakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ili asali isilale Tura.

Mwandishi alipomuuliza Majidi gerejini kama silinda kulala kuna maana yoyote, alifuta mikono kwa tambara kabla ya kujibu.

"Huko lilikotengenezwa, mtu anapanda peke yake kwenye barabara iliyonyooka, oili anabadilisha kwa wakati. Kwake kuna faida, si kubwa, lakini ipo. Huku unabeba asali na ndugu wa mwenye asali, kwenye mchanga. Zitalala saa ngapi?" Akafikiri. "Ila mfumo wenyewe msiuonee. Oili nzito iliyochakaa ingeua chochote. Hata mimi nilitupa plagi nzima kabisa."

Siku hizi kuna mapatano. Oili hubadilishwa mapema, ya aina inayotakiwa, na Majidi ndiye anayeitunza tarehe. Gari likienda Tura na mzigo, kifaa huchomekwa na silinda zote hufanya kazi. Likiwa jepesi kwenye lami, kama leo, kifaa hukaa ndani ya mkoba wa Bi Zamda na taa huruhusiwa kuwaka. Mwendo anaamua Eustace. Redio inaamuliwa na Bi Zamda, naye huweka taarabu.

Eustace ana mpango wake. Zile wiki za kuendesha kirikuu ya kukodi zilimtia tamaa. Yeye na Mektilda wanajiwekea akiba wanunue ya kwao, aanze kubeba mizigo ya watu kati ya Isevya na vijiji vya reli, awe bosi wa usukani wake mwenyewe. Amelisema hilo mbele ya Bi Zamda kwa mara ya kwanza leo, hapa garini, labda kwa kuwa mwandishi yupo na dereva hawezi kufukuzwa mbele ya gazeti.

Bi Zamda anaufungua mkoba wake na kuufunga. Kisha anauliza, "Hiyo kirikuu ina silinda ngapi?"

"Tatu tu."

"Zinalala?"

"Hazilali. Zikilala hizo, tunalala wote barabarani."

"Vizuri. Mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza. Asali yangu yote ya Tura utabeba wewe."

Uso wa Eustace unachanua. Anamshukuru, anamshukuru tena.

"Bei tutaelewana," anaendelea Bi Zamda, akipanga ushungi wake. "Lakini mafuta juu yako."

Eustace anaitikia kwa kichwa. Kisha anaondoa mguu kidogo kwenye mafuta, anachukua simu na kumkabidhi mwandishi.

"Ndugu yangu, hebu nipigie Majidi," anasema. "Muulize kama kuna kirikuu za kulala."