Kidogo Tu

Tabibu wa chumba namba tatu walimbatiza Ukurasa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mgonjwa hajamaliza kukohoa, yeye keshafungua mwongozo. "Ngoja, ukurasa wa arobaini na mbili."

Mwongozo ule haukuwa ushauri, ulikuwa amri. Ulikuja baada ya wakubwa kuchoka kulipia vipimo visivyo na kichwa wala miguu. Na tuseme ukweli, uhuni ulikuwepo: kila aliyeumwa kiuno alitumwa hospitali kuu kupigwa picha, na ikifika katikati ya mwezi kituo hakina hata dawa ya pumu. Tangu mwongozo uje, dawa zilidumu hadi mwisho wa mwezi. Ukurasa aliyaona hayo kwa macho yake, ndiyo maana aliupenda.

Maumivu ya mgongo yalikuwa na fomu yake. Wiki sita za vidonge, hakuna picha, isipokuwa kama mkojo unatoka wenyewe au miguu imeingia ganzi. Kwenye ganzi kulikuwa na visanduku vitatu: hapana, kidogo, sana. Ni "sana" tu iliyompeleka mtu hospitali kuu. Juu yake paliandikwa: jaza kama mgonjwa anavyojibu.

Jumatatu moja asubuhi aliingia mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Ada, sare, viatu, vyote vilitoka kwenye kanyagio la cherehani ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hali?"

"Nzuri tu. Ila mgongo huu, wiki ya pili sasa."

"Na miguu? Ina ganzi?"

"Kidogo."

"Kidogo au sana?"

"Kidogo tu, baba. Jana kanyagio lilinikataa, nikapumzika. Usinifanye mgonjwa."

"Na mkojo, unaweza kuuzuia?"

"Wee! Nepi zako nimezifua mimi, leo uniulize mkojo?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kilimsaidia Ukurasa asiulize tena.

Sasa jamani, "kidogo" ya mama huyu aliijua vizuri. Siku sindano ya cherehani ilipopita kidoleni ikatokea upande wa pili, alisema ameumia kidogo. Wiki aliyomzika mumewe, alipoulizwa hali, alijibu hajambo kidogo. Mama gani atakaa mbele ya mwanawe aseme "sana"? Alijua, na kalamu yake ilisimama juu ya kisanduku cha tatu. Lakini mwezi uliopita tabibu wa chumba namba nne alikuwa ameitwa makao makuu kujieleza, kisa kumwandikia rufaa shemeji yake. Watasema nimempendelea mama yangu, aliwaza. Akaishusha kalamu kwenye "kidogo", akampa vidonge, akamsindikiza hadi mlangoni. Woga ulikuwa wake, mwongozo aliusingizia tu.

Siku ya tisa binti wa mama mdogo alipiga simu. "Kaka, mama ameshindwa kushuka kitandani. Na shuka zote zimelowa."

Hospitali kuu walimpiga picha siku hiyohiyo. Uvimbe ulikuwa umeubana uti wa mgongo. Daktari wa huko, mtu mpole, alisema angeletwa wiki moja kabla pengine angetembea. Ukurasa aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akalia pembeni ya matangi ya maji hadi mlinzi akamletea kiti.

Wakaguzi walikuja. Alitaka wamkaripie, wamfukuze, wamfanye lolote. Walisoma fomu mstari kwa mstari, wakapiga muhuri. "Imejazwa vizuri," alisema mkubwa wao. "Wote wangekuwa kama wewe."

Siku hizi kila Jumapili huenda kwa mama mdogo. Cherehani imefunikwa shuka la maua, imesukumwa ukutani ili kitanda kipate nafasi. Juzi alimkuta binti akimgeuza mama yake ubavu, miguu ikifuata nyuma, mizito. Alikaa ukingoni, akaishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Miguu hii inauma?"

Mama akatabasamu, akamtoa wasiwasi kama alivyozoea.

"Hata kidogo."