Nikilitaka jina la baba, niape hakunizaa

Admin, nifichie jina langu, ingawa hata sijui utaficha lipi. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa shule ya msingi huku Temeke, nimeolewa, nina watoto watatu, tunaishi Mtoni. Majina nitakayoandika hapa nimeyabadili. Nimeshazoea.

Nilizaliwa Masasi, nikaitwa Somoe Hamisi. Darasa la saba nilifeli. Enzi zile kijijini kwetu ukikosa nafasi ya sekondari ndiyo basi tena, unasubiri kuolewa. Baba yangu hakukubali. Alibeba jogoo akaenda kwa mwalimu mkuu, wakaongea. Kulikuwa na binti wa darasa la sita aliyeacha shule akaolewa, anaitwa Agnes Pius. Basi nikarudishwa darasa la sita, nikasoma kwa jina lake. Wengi tu tulifanyiwa hivyo, msijifanye mnashangaa. Nikarudia mtihani, nikafaulu, na tangu hapo kila karatasi yangu ni Agnes Pius: vyeti vya shule, cheti cha ualimu, ajira, kitambulisho cha taifa, mpaka cheti cha ndoa.

Sasa jamani, mie ni Muislamu. Navaa hijabu yangu safi, naingia ofisini, "Madam Agnes, kwani ulibadili dini lini?" Miaka kumi na nne naulizwa swali hilo hilo na kila mwalimu mgeni. Nachekaga tu, ila moyoni nachemka. Halafu mie ndiye mwalimu wa darasa la saba. Kila mwaka kabla fomu za mtihani hazijaenda nawakalisha watoto wa watu wahakiki majina yao, nawagombeza, "Jina liwe kama la kwenye cheti cha kuzaliwa, sitaki mchezo!" Nikimaliza najiona mnafiki namba moja.

Nilivumilia yote mpaka baba alipougua mwaka huu. Mdogo wangu anayekaa Tabata alikwenda kumchukua, akamleta kwangu. Madaktari wakasema afanyiwe upasuaji wa tezi dume. Asubuhi ya upasuaji nesi akatoka na fomu. "Ndugu wa Mzee Hamisi?" Nikanyanyuka. "Wewe nani yake?" "Mtoto wake wa kwanza." Akaomba kitambulisho. Akakisoma, akamtazama baba, akanitazama mie na hijabu yangu. "Agnes Pius? Dada, hapa tunataka mtoto wake kweli." Nikaanza kueleza, nikajikanyaga, nikanyamaza, maana kueleza vizuri ni kujitia kitanzi. Ikabidi tumsubiri mdogo wangu atoke Tabata aje kusaini. Saa nzima baba kalala kwenye kitanda cha magurudumu, ananiangalia.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillah. Lakini aliporudi nyumbani akanianza. "Somoe, mie nikifa, watasema nimeacha mtoto mmoja?" Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. "Si wewe uliyenipeleka kwa huyo Pius na jogoo mkononi? Ungeniacha niolewe!" Mzee akainama. Akasema taratibu, "Lile jina nilikuazimia usome, mwanangu. Sikukugawa. Nenda kalirudishe, nife ukiwa wangu." Siku ile hata kula nilishindwa.

Nikaenda kwa wakili Kinondoni. Yule bwana anaongea utadhani kubadili jina ni kubadili laini ya simu. Eti kuna hati ya kubadili jina, unaapa, inasajiliwa, unapeleka nakala kwa mwajiri, kwisha. Nilifurahi! Kisha akauliza sababu. Nikamweleza ukweli wote. Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hayo usiyarudie popote. Ukiandika hivyo, vyeti vyote vinakuwa vya mtu mwingine na kazi huna. Tuandike hivi: mimi Agnes, mtoto wa Pius, nilizaliwa Mkristo, nimesilimu, na kuanzia leo nimejichagulia jina la Somoe Hamisi. Nani atakuuliza?"

Mnaiona ishu yenyewe? Ili nilipate jina la baba yangu, nishike Msahafu niape kwamba hakunizaa! Niseme Hamisi nimeliokota tu huko, limenipendeza.

Nilimsomea baba ile karatasi aliyoniandikia wakili nikidhani atafarijika. Akaniuliza, "Yaani mie nilikuandika wa Pius kwa siri, wewe sasa ukaape mbele ya serikali?" Akageukia ukutani. Mume wangu anasema nisaini, karatasi ni karatasi, watoto wanakula kwa mshahara ule. Mdogo wangu anasema niseme kweli, riziki anatoa Mungu. Rahisi kwake, ana genge lake la nyanya, nani atamfukuza kazi? Kila mtu ana jibu, ila atakayeshika ule Msahafu ni mie peke yangu.

Nimechoka wallahi. Wakili ananisubiri Ijumaa. Baba naye hali imebadilika tena, hataki kula, na siku hizi ananiita kila baada ya dakika chache. "Somoe!" Nakimbia, "Abee, baba." Hana anachotaka. Anasema, "Basi, nilikuwa nakuita tu."

Nishaurini ndugu zangu, ila msiniambie nimwachie Mungu. Mungu jina langu analijua, serikali ndiyo hailijui. Niape uongo nilipate jina la baba? Niseme kweli wanangu wakose ugali? Au nikae kimya mzee afe mie bado wa Pius? Nifanye nini? Nijibuni upesi, maana hapa ninapoandika anaita tena.