Yustina Hakuishiwa Petroli

Siamini bado. Ijumaa asubuhi nilifungua simu nikakuta picha ya Yustina imewekewa mshumaa pembeni, nikadhani kuna mtu anatania.

Nikashuka kwenye comments. "Gari lilimzimikia, hakuweka mafuta." "Wanawake na magari, bwana!" Jamani! Mtu hata hajazikwa!

Ndiyo maana naandika. Nimekaa siti ya pembeni yake, yeye akiendesha gari la ofisi, miaka yote tuliyozunguka kwa wafugaji wa nyuki, Kwihara mpaka Urambo. Najua alichokuwa anakisikia.

Yustina akizungusha ufunguo hawashi kwanza. Anainua kidole, tunanyamaza. "Hiyo nziii fupi huko nyuma ni pampu. Iko ndani ya tangi, inasukuma petroli kuja kwenye injini." Ikinyamaza, ndipo anawasha.

Nilimuuliza anahangaika nini. Akacheka. "Moyo wako ukibadilisha mlio, si utakimbilia hospitali ya Kitete ukapimwe?"

Mwezi uliopita mlio ukabadilika. Ukawa mluzi unaotufuata njia nzima. Tukipanda mlima gari linakohoa, linastuka, halafu linavuta tena.

Akamfuata mkuu wetu wa usafiri. Mimi nilikuwepo. "Bosi, pampu inakufa. Muda mrefu tumetembea na tangi karibu tupu, na petroli ndiyo inayoipoza. Filta nayo imeziba."

"Gari linatembea, halitembei?"

"Linatembea, ila..."

"Basi ongeza sauti ya redio. Field haisubiri."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alirudi tena kusema, akaambiwa ana visingizio vya kukwepa kazi. Yustina! Aliyekuwa anakula mihogo barabarani ili tuwahi wafugaji!

Alhamisi alikwenda Urambo peke yake, mimi nilibaki namalizia report. Wakati anarudi, gari likamzimikia kwenye kona. Akashuka, akakata matawi, akawa anayapanga barabarani kuwatahadharisha wanaokuja nyuma. Lori likatokea konani. Dereva hakuwahi kufunga breki.

Amekufa akiwaonya watu wengine. Na bado akasingiziwa.

Msibani Ipuli, mkuu wetu alisimama mbele ya waombolezaji. "Marehemu alijisahau kuweka mafuta. Ni kazi ya Mungu, tumshukuru." Nikamwona mama yake, ambaye wote tunamwita Mayu, anainamisha kichwa kwa aibu. Aibu! Mama aliyefiwa!

Nikasimama. Nikamwambia: "Usimsingizie Mungu, na Yustina usimsingizie." Nikaeleza mluzi, nikaeleza redio, nikaeleza na kile kicheko.

Mtu akasema nina uchungu tu, niketi. Hapo fundi aliyekwenda kulivuta gari akajibu kutoka walikokaa wanaume. "Tangi nimelikuta limevuka nusu. Kilichoungua ni pampu."

Mkuu akatafuta kiti.

Mayu akanishika mkono. "Kwa hiyo mwanangu hakusahau?"

"Hakusahau, Mayu. Alisema. Hawakutaka kumsikia."

Ndipo akalia kwa sauti. Tangu taarifa ifike alikuwa hajalia.

Leo Jumatatu, wenzangu wale wale waliocheka wamegoma kupanda pickup ya pili ya ofisi mpaka ikaguliwe. Kabla ya saa nne ikawa imeshapelekwa gereji. Kumbe inawezekana! Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote!

Na nyie mlioandika kwenye comments, futeni. Mayu ana simu, na wajukuu wanamsomea.

Yustina, tumekulaza Jumamosi pembeni ya baba yako. Watu wanasema umepumzika. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu hukuwa umechoka. Ulikuwa unarudi nyumbani tu.

Lala salama, dada yangu. Hasira niachie mimi.