Namba Moja Iko Chini

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Shangazi alikuwa akienda kwenye banda la nyuma, anafungua mlango wa gari jekundu, anakaa kiti cha dereva na kukanyaga klachi. Kisha anaingiza gia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu anarudi nazo hivyo hivyo mpaka moja. Injini hakuiwasha. Gari lilikuwa halijatoka bandani miaka minne, tangu meno ya gia ya tatu yakatike na vipande vyake kuzagaa ndani ya giaboksi. Ya tatu ilikuwa inagoma katikati, naye aliipita tu kwa ishara, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza. Mkono ulijua njia. Macho yalikuwa yanaangalia mbele, kwenye ukuta wa mabati.

Akimaliza anafunga mlango taratibu, anakuja kunywa chai yake, anakaa kwenye cherehani.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari katika gereji yetu, mimi nikimkatia vitambaa. Wateja walimwita Mama Viti, na wengi hawakujua kwamba zamani alikuwa akishindana mashindano ya magari ya kupanda mlima, na kwamba gari lile jekundu ndilo alilokuwa akiendesha. Babu alilinunua likiwa limegongwa, akalinyoosha, akampa binti yake. Gereji akampa mtoto wa kiume. Aliyasema hayo mchana kweupe mbele ya watu, akiwa na akili zake zote, lakini hakuandika popote.

Gari lile gia zake zimekaa kinyume. Kwenye magari mengi namba moja iko juu kushoto. Kwenye hili, juu kushoto ni rivasi, na namba moja iko chini yake. Waliolitengeneza walitaka mbili na tatu zikae mstari mmoja, kwa sababu kwenye kona za mlima hizo ndizo unazobadilisha kila saa; namba moja unaihitaji kuondokea tu. Kwa dereva aliyezoea magari mengine, huo ni mtego.

Babu aliugeuza mtego huo kuwa mtihani. Kijana aliyekuja kumposa Shangazi hakuulizwa kazi wala ukoo. Alipewa ufunguo akaambiwa alitoe gari uani. Walikuja watatu, na wote watatu waliwasha, wakasukuma gia juu kushoto, wakaachia klachi kwa mbwembwe, wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye rundo la matairi. Wa tatu alikuwa dereva wa basi. Baba anasema alishuka, akayatazama matairi, akatoka getini bila kuaga, na kofia yake ikabaki ndani ya gari miaka yote. Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, suruali inampwaya. Alikaa, akashika gia, akamgeukia Shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Gia zimekaaje?"

Babu alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi uliofuata mwalimu akaoa.

Waliishi kwenye nyumba ndogo juu ya mlima ule wa mashindano, mahali ambapo basi huishia chini na barabara inaendelea peke yake. Mwalimu alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Baba akaenda kumchukua dada yake, akasema hawezi kumwacha akae na upepo. Shangazi alifunga nyumba, akaja na gari lake na cherehani yake, akapewa chumba nyuma ya stoo. Ufunguo wa nyumba aliufunga pete moja na ufunguo wa gari. Aliwahi kuniambia, sindano ikiwa mdomoni, kwamba siku gari litakapotembea atarudi kwake. Nikamuuliza kama hapa si kwake. Akasema, "Hapa ni kwetu, mwanangu. Kwangu ni kule."

Basi mwaka huu Baba akatangaza kwamba giaboksi itatafutwa. Akamwomba Shangazi ashone viti vipya kabisa, ili gari likipona liwe na heshima yake. Sijawahi kumwona anashona vile. Alifumua mshono mmoja mara tatu kwa sababu uzi ulikaa nje ya mstari kwa upana wa kucha. Katika siku hizo alikuja mara mbili daktari wa meno, kijana wa viatu vya kung'aa, akayapiga matairi kwa ncha ya kiatu, akakaa kwenye kiti, akavishika viti vipya na kuvisifu. Shangazi alidhani ni mteja wake. Akampimia na viti vya gari lake mwenyewe.

Giaboksi zikapatikana tatu. Baba alileta mbili. Ya tatu aliileta Shangazi mwenyewe kwa mkokoteni, kutoka kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu. Zikapangwa kwenye magunia mbele ya banda, na mafundi wakaacha kazi zao wakaja kusikiliza, maana giaboksi kwenye gereji yetu huchaguliwa hadharani.

Ya kwanza ilikuwa ya pikapu. Ngumu kama jiwe, lakini gia zake fupi, za kubebea mchanga. Shangazi alisema kuliwekea gari lile giaboksi ile ni kumvisha mkimbiaji mabuti ya mvua. Ikasogezwa pembeni, hakuna aliyeitetea.

Ya pili ilikuwa ya gari la juzijuzi, gia sita. Shangazi hakuidharau. Alifungua nati ya oili chini, akaitazama sumaku yake, ilikuwa na unga mweusi kidogo tu wa chuma kilicholika. Akaitikisa shafti, haikucheza. Akaingiza gia zote sita kwa mkono akizungusha, zikaingia kama kisu kwenye siagi. Akakubali mbele ya wote kwamba ndiyo nzima kuliko zote. Tatizo ni urefu: ingebidi sakafu ya gari ikatwe, propela inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ifupishwe. Na namba moja ilikuwa juu kushoto.

Ya tatu ilikuwa ndugu wa ile iliyokufa, gia tano, namba moja chini. Sikio moja la kufungia boliti lilikuwa na ufa, na pete zake za shaba, zile zinazolainisha gia kuingia, zilikuwa zimelika. Baba aliitazama kama anatazama ng'ombe mwenye miguu mitatu.

Akaeleza kwa upole, na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Kwamba pete za giaboksi ile hazitengenezwi tena. Kwamba gia sita zinapunguza mafuta. Kwamba mgongo wake hauwezi tena kulala chini ya magari, na gereji inahitaji mashine ya kunyanyulia, si kumbukumbu. Kisha akasema, "Na halafu, dada, gari la gia kinyume halina mnunuzi."

Fundi wa rangi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

Shangazi alikuwa anajifuta oili kwenye vidole. Aliendelea kujifuta, kidole kwa kidole, mpaka akamaliza kumi. Halafu akauliza, "Ni yule wa meno?"

Baba akayatazama magunia.

"Na viti nilikuwa namshonea yeye."

Baba akaanza kusema kwamba ni kwa faida ya wote, kwamba yeye hapa hakosi chochote, analishwa, anatunzwa, na umri huo wa kupanda mlima umepita. Angeishia kwenye mnunuzi ingekuwa nafuu. Neno la kulishwa ndilo lililoharibu, maana pale uani hakuna asiyejua kwamba viti ndivyo vilivyotubeba msimu wa mvua. Shangazi aliinama akaikumbatia ile giaboksi ya tatu, akaiburuza peke yake mpaka bandani.

Siku tisa hakushona. Ufa aliupeleka kwa mchomeleaji anayejua aluminiamu, yule tunayemwita Cheche, akarudi nao umezibwa kwa mshono mwembamba kuliko ule wa cherehani yake. Giaboksi iliyokufa akaifungua yote. Mimi nilidhani ndani mna vumbi tu, kumbe gia ya tatu peke yake ndiyo iliyoangamia. Pete za gia nyingine zilikuwa bado zina makali. Alizitoa akazipanga kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano. Akachukua huku, akaongeza kule, kutoka maiti mbili akapata mzima mmoja. Mafundi walipita wakijifanya wanatafuta spana. Walikuwa wamezoea kumwona na uzi, wakasahau ni mtoto wa nani. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba wamekuwa wakimpelekea gia zilizosagika azione kama kichekesho, kumbe walikuwa wanampelekea daktari.

Baba hakukanyaga bandani. Mama alimwambia mara moja tu, akimwekea sahani, kwamba mtu akikosea njia hugeuza gari, hangoji barabara imfuate. Baba akaomba chumvi.

Lakini giaboksi haipandi na mtu mmoja. Shangazi alilala chini ya gari, akaiweka kifuani, akajaribu kuinyanyua ili shafti iingie kwenye klachi. Mara tatu ilifika, mara tatu ikakataa kwa unene wa shilingi. Nilitaka kuingia, akanikataza. Chuma kile kikiteleza kinachukua vidole. Nilipogeuka nikamwona Baba amesimama mlangoni. Alivua saa yake, akaiweka mfukoni, akalala chali kwenye vumbi pamoja na mgongo wake mbovu, akajivuta chini ya gari upande wa pili. Niliona miguu yao tu, jozi mbili, kama watoto waliolala kitanda kimoja.

"Kulia kidogo," Shangazi akasema.

"Nimeona."

"Hujaona. Kulia kwangu."

Ikaingia kwa mlio mmoja mzito. Walikaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Asubuhi iliyofuata Shangazi alienda bandani kama kawaida kabla ya chai. Akakanyaga klachi. Moja, mbili, tatu. Ya tatu iliingia, akairudia. Kisha akawasha. Moshi mweupe ukatoka, halafu ukasafika, na mafundi waliokuwa wanafika wakasimama getini na vibakuli vyao vya chakula.

Cherehani tuliifunga kwenye kiti cha abiria kwa mkanda. Nyuma aliweka sanduku moja na mabunda ya ngozi. Kofia ya dereva wa basi aliitoa akamvisha fundi wa rangi. Aliniachia mkasi wake mkubwa, na ndipo nilipojua kwamba harudi.

Baba alikuja akiwa na mikono mitupu, akainama dirishani. Tangu utoto wake alikuwa hajawahi kuliendesha gari lile. Mara moja alijaribu, na matairi yanajua. Alikiangalia kirungu cha gia.

"Dada," akasema, "hizi gia zimekaaje?"

Shangazi alicheka kidogo, puani. Akauchukua mkono wake, akauweka juu ya kirungu, wake akauweka juu yake, akampitisha polepole: rivasi pale juu, moja hapa chini, mbili na tatu mstari mmoja. Baba akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Hakuomba abaki, naye hakusubiri aombwe.

Shangazi alirudi nyuma kutoka bandani, akasimama nusu mita kabla ya matairi. Kisha akavuta gia chini, akatoka getini, akakunja kulia upande wa mlima. Tulisikia mbili, tukasikia tatu.

Hajarudi. Kiti chake cha cherehani nimekikalia mimi. Daktari wa meno alikuja kuuliza, Baba akamwambia gari lina mwenyewe.